Mteremko wa Shemeji

Mhadhiri wa uhandisi wa udongo alikuwa anasahihisha mitihani mezani kwa dada yake, maana kwake umeme ulikatika tangu asubuhi, shemeji yake alipovuta kiti na kukunjua ramani juu ya karatasi za watu.

"Shemeji, leo nakupa kazi," alisema. "Kazi ya kweli, siyo hii ya kuwawekea watoto wa watu alama za kosa."

Shemeji alikuwa mkandarasi. Alianza na vyoo vya shule, akapanda hadi maghala, na sasa alikuwa amenunua mteremko mzima juu ya barabara kuu, akiwa na nia ya kuujaza nyumba za ghorofa. Benki ilimwambia kwanza alete taarifa ya udongo iliyoandikwa na mtaalamu.

"Mtaalamu si wewe? Unapima, unaandika, unagonga muhuri wa chuo, mambo yanakwenda."

"Muhuri wa chuo siyo wangu. Na kabla ya kupima lazima niombe kibali."

"Kibali? Cha kufanya kazi yako mwenyewe, siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo."

"Nyinyi wasomi mna kazi kwelikweli," alisema shemeji, na dada akacheka huko jikoni.

Mhadhiri naye alicheka. Miaka yote hiyo alikuwa anafundisha namna ya kusimamisha majengo, na hakuna hata banda la kuku lililowahi kusimama juu ya hesabu zake. Aliitaka kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kuonyesha.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa idara. Walisoma darasa moja zamani, na tangu siku hizo watu walimwita Breki, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililopita mbele yake bila kupunguza mwendo. Breki alisoma maombi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi sina kinyongo na kazi ya nje," alisema. "Ila taarifa itoke kwa jina lako, nembo ya chuo isionekane. Maabara utailipia kama mteja mwingine yeyote. Vipindi vyako visikose mwalimu. Na wanafunzi usiwatumie."

"Sawa."

"Kuna mtu wa idara hii ambaye kazi yake inagusana na hiyo?"

"Hapana," alijibu, na hapo alikuwa anasema anachokijua.

Jumamosi yeye, shemeji na fundi wa kuchimba sampuli walifika kwenye mteremko kwa gari la shemeji, wakitokea barabara kuu. Fundi alibaki chini anafunga mashine yake, shemeji akaenda kuzungumza na majirani, na mhadhiri akapanda peke yake kuitazama ardhi. Nyasi zilikuwa bado na maji ya mvua. Katikati ya kilima alikuta kigingi cha chuma kilichopakwa rangi ya njano, halafu kingine, halafu safu nzima, na safu yenyewe haikuwa imenyooka. Ilikuwa imepinda kuelekea chini kama mkufu uliolegea.

Alivitambua. Aliwahi kufika hapa mara moja tu, akitokea upande wa juu kupitia machimbo ya kokoto, siku mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili alipokuwa anavipigilia ili kupima udongo unavyoteleza. Kwenye ramani ya viwanja hakupatambua.

"Mwalimu!" Mwanafunzi mwenyewe alikuwa anashuka na futi kamba mkononi, buti zimejaa tope. Wenzake walimwita Mama Vigingi, naye hakuona ubaya. "Umekuja kunikagua? Njoo uone, tangu mvua zianze safu ya kati imesogea..."

"Usiniambie."

"Samahani?"

"Usinionyeshe kitu leo. Sikuja kama mwalimu wako. Nimeletwa na mwenye kiwanja."

Binti alisimama na futi kamba yake, hajui ailaze au aikunje. Mhadhiri aliona aibu bila kuwa na kosa la kulitaja. Alishuka, akamwambia fundi asichimbe, akamsubiri shemeji garini.

Shemeji alisikiliza vizuri hadi mwisho. Hakuwa mtu mjinga wala mwovu, alikuwa mtu mwenye mkopo.

"Basi ni rahisi," alisema. "Mwambie huyo binti aiweke kabatini hiyo kazi yake. Mwaka, miaka miwili. Nikishauza nyumba, aitoe."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Si unamsimamia wewe?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi mwache na vigingi vyake, wewe andika ya kwako kama vile hukuviona."

"Nimeviona, shemeji."

Jumatatu alirudi kwa Breki na kumweleza kila kitu. Breki hakumlaumu. Alisema njia ni mbili: amkabidhi mwanafunzi kwa msimamizi mwingine na aendelee na kazi, au aache kazi na abaki na mwanafunzi. Zote mbili zilikuwa halali.

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi sipendi kilima," alisema Breki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakacheka.

Alikaa ofisini kwake mlango umefungwa. Binti alikuwa anaandika sura ya mwisho. Kumpa msimamizi mpya sasa ni kumrudisha mwanzo, maana kila msimamizi huja na maswali yake. Kwa upande mwingine lilikuwepo jengo, la kwanza, lenye hesabu zake chini ya kila nguzo. Alijipa muda hadi kengele ya kipindi, na ilipolia aliandika kwamba anajitoa kwenye kazi ya shemeji.

Dada alipiga simu jioni. "Umemwacha shemeji yako njiani."

"Nimejitoa mapema, dada, atafute mwingine."

"Hata wageni wanamfanyia heshima kuliko wewe ulivyomfanyia," alisema dada, akakata. Baada ya hapo mialiko ya Jumapili ikakauka.

Siku ya mwanafunzi kutetea tasnifu yake, ukumbi mdogo wa idara ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Kwa kawaida hakuna anayetaka. Safari hii, kwenye kiti cha nyuma kabisa, alikaa mwanamume mwenye buti za ujenzi, kofia ngumu mapajani. Watahini walipomaliza kuuliza, alinyoosha mkono.

"Mimi siyo msomi," alisema shemeji. "Nauliza tu. Kama kilima ni chako, ungejenga wapi?"

Mama Vigingi alimtazama mwalimu wake, lakini mwalimu alikuwa anaangalia karatasi zake. "Chini, karibu na barabara," alijibu. "Pale udongo umetulia. Katikati nisingeweka hata ukuta. Ningechimba mifereji na kuacha miti."

"Una uhakika?"

"Wa katikati, ndiyo. Wa chini ningetaka niuone mvua nyingine moja."

Shemeji aliandika kitu kwenye kiganja cha mkono wake.

Nje, kwenye korido, alimsubiri mhadhiri. "Nilimpata mtaalamu mwingine," alisema. "Alikuja, akazunguka na gari, akaniambia kilima chote kizuri. Hata hakushuka kushika udongo. Nikalala vibaya, shemeji."

"Pole."

"Huyu binti naweza kumwajiri?"

"Mimi usiniulize. Kwanza amalize masahihisho yake, halafu muulize mwenyewe."

Akamuuliza hapohapo, mbele ya wazazi wa binti waliokuja na maua. Binti alisema atafikiri, na kwamba hata akikubali, ataandika atakachokiona. Shemeji aliguna kama mtu aliyeuziwa kitu ghali kinachofaa.

Mwishowe alijenga majengo mawili tu, chini, baada ya mvua nyingine kupita, na sehemu ya juu akaiachia miti. Benki ilimnung'unikia. Dada alichelewa zaidi kulainika. Alipompigia mdogo wake alianza na habari za hali ya hewa, akazungumza juu ya mapazia mapya kwa kirefu, kisha akasema Jumapili kutakuwa na chakula kingi, na asije amechelewa.