Kwenye Karatasi Hapakuwa na Mlima

Binti alipiga goti akamfunga baba yake kamba za kiatu cha mguu mzima, kisha akakunja suruali juu ya ule wenye plasta. Baba alikuwa amenyoa ndevu tangu alfajiri na kuvaa shati lake la kwendea harusi za watu.

"Mama," alisema, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake na nyumbani hakuwahi kuitwa vingine, "leo shule itakusamehe. Nikiporomoka kwenye ngazi za watu nani ataniokota?"

"Mwalimu wa fizikia nimeshamuaga. Tuko kwenye grafu, nitanakili kwa wenzangu."

"Hizo grafu zitangoja. Hazina miguu."

Alikuwa akitania hivyo kila alipoogopa. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la simenti, na utingo wake alikuwa kijana waliyemwita Kabari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuruka chini na kipande cha gogo na kukisukuma nyuma ya tairi lori lisirudi. Siku breki zilipokatika mlimani, Kabari aliruka na gogo lake kama kawaida, na lori likampitia juu, akafa palepale. Baba akalichomeka gari kwenye ukingo wa mchanga, akavunjika mguu. Mama yake Kabari alimfuata baba hospitalini, akamuuliza swali moja tu: nini kilitokea? Breki zilikataa, baba akamwambia. Yule mama akajibu kwamba anamwamini, ila atangoja na ofisi iseme. Leo ofisi ingesema.

Meneja wa usafiri aliwapokea vizuri. Aliinuka kitini, akamsogezea baba kiti, akamuuliza mguu unaendeleaje. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomponza baba, maana alikuwa amejiandaa kugombezwa. Binti akaoneshwa benchi mlangoni.

"Mzee, hatuna haja ya kusumbuana," meneja alisema, akiweka karatasi mezani. "Hii imetoka kwenye kile kisanduku cha kupimia mwendo chini ya usukani. Ndiyo safari yako ya siku ile. Nieleze tu kwa maneno yako mwenyewe."

Baba aliinama juu ya karatasi. Binti aliyaona mabega yake yakiwa yamekaza, kisha akayaona yakilegea. Uso wa baba ukakunjuka kama wa mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Aa, huu si ndio mlima wenyewe?" alisema. "Hapa ni tambarare, kabla ya daraja. Halafu hapa naanza kupanda."

Meneja aliitazama karatasi, kisha akamtazama baba. Kalamu aliishika vizuri.

"Hapa kwenye kupanda ulifanya nini?"

"Nilikanyaga mafuta. Mpaka mwisho. Ule mlima ukiubembeleza na mzigo wa simenti unakurudisha."

"Na hapa juu kabisa? Gari lilikuwa na tatizo lolote?"

"Hapo juu lilikuwa shwari kabisa. Matatizo yalianza kwenye kushuka." Akainua karatasi kwa mikono miwili, kwa fahari kidogo, amwoneshe binti yake kwamba hata yeye anajua kusoma mambo ya wasomi. "Mama, tazama, mpaka yale mabonde ya njiani wameyachora."

Binti akatazama. Pembeni, kwa wima, palikuwa na kilomita kwa saa. Chini palikuwa na dakika. Juma lililopita mwalimu alikuwa amegonga ubao kwa kipande cha chaki akiwaambia kwamba kosa la kila darasa ni kuitazama grafu kama picha. Mstari ukipanda, gari limeongeza mwendo, halijapanda kilima. Darasa lilicheka kwa aibu, yeye akiwemo, kwa sababu nusu yao walikuwa wameandika kilima.

Akasimama. "Baba, huo si mlima."

"Mama, subiri. Watu wazima wanaongea."

"Baba, huo ni mwendo—"

"Binti," meneja alisema, kwa upole uleule, "anayeulizwa ni dereva."

Baba akasaini maelezo aliyoyaandika meneja. Aliandika jina lake polepole, kwa mwandiko mzuri.

Binti alimweleza nje ya ofisi, wakiwa wamekaa kwenye ngazi, magongo ya baba yamelala pembeni. Alimwambia kwamba ule mstari uliopanda ndio mteremko wenyewe, lori likizidi kukimbia. Na kilele ndicho mwendo mkali kuliko wote, pale alipochomeka gari mchangani. Baba alisikiliza bila kupepesa macho.

"Na yale mabonde?"

"Mwendo unapungua kidogo, halafu unapanda tena."

"Hiyo ni gia," baba alisema. "Nililazimisha ya tatu. Halafu ya pili, ikagoma." Akaufunika uso kwa kiganja. "Pedali ya breki ililala chini kabisa, Mama. Na mimi nimewaambia nilikanyaga mafuta."

Alikuwa amejipalia makaa kwa mkono wake, na aliyempa koleo alikuwa akitabasamu. Binti alimwinua, wakarudi. Meneja alikuwa akifunga mkoba.

"Nilidhani ni mlima," baba alisema.

"Sasa mzee, nani alikwambia ni mlima?"

Hakuna aliyemwambia, na meneja hakumkatalia. Meneja akamshauri aandike barua makao makuu, akawashikia mlango.

Njiani baba hakutania hata mara moja. Walipokaribia nyumbani alisema tu, "Mama yake Kabari atasomewa maneno yangu mwenyewe," kisha akalia hadharani, mwanamume mzima na shati la harusi, na binti hakuwa na mkono wa kumfuta machozi kwa sababu yote miwili ilikuwa imemshikilia.

Siku iliyofuata mwalimu alichora ubaoni mstari unaopanda ukiwa na meno mawili, halafu unaanguka mpaka chini. Akataka waeleze mwendo wa gari. Wenzake waliandika: mwendo unaongezeka, unapungua kidogo, unaongezeka tena, gari linasimama. Yeye aliandika hayo yote, na chini yake akaongeza: *Gari halina breki. Dereva anajaribu kulisimamisha.*

Mwalimu alipita, akasoma, akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi zile mbili.

"Grafu haituambii habari za dereva," alisema. "Futa hiyo, nikupe alama zote."

Kifutio kilikuwa mezani. Binti alikitazama, akakirudisha ndani ya begi, akampa mwalimu daftari lake kama lilivyo.