Bodi ya Kwanza

Alhamisi, tarehe ishirini Juni. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri na hayakuwa na dalili ya kukoma. Mlima haukuonekana kabisa, na hata matuta ya chai nyuma ya nyumba yalikuwa yamemezwa na ukungu. Taulo lililoanikwa juzi lilikuwa bado bichi.

Terada Kinue alipuliza vumbi jeupe la plastiki kutoka kwenye msumeno mwembamba kama wembe, kisha akaliinua paa alilotoka kulikata. Lilikuwa limekatika vizuri mno. Mwezi mzima aliiogopa kazi hii: kuliondolea paa gari la spoti la mwaka sitini na saba, modeli ndogo ya kutosha kiganjani, ili aligeuze kuwa gari la wazi ambalo kiwanda hakikuwahi kulitoa. Sasa limekatika. Alitabasamu. Akaipindua bodi, lile ganda tupu la gari, atazame upande wa ndani, karibu na mlango wa kushoto, na tabasamu likamfia mdomoni.

Kulikuwa na mkwaruzo pale. Mwembamba kama unywele, mfupi kama punje ya mchele.

Bodi yake haikuwa na mkwaruzo. Hii ilikuwa ya Mwalimu Katsumata.

Katsumata Eikichi, aliyemfundisha kuunda modeli, alikuwa na miaka themanini na moja, na kalibu, yaani chuma cha kumiminia plastiki ya gari hili, aliichonga yeye mwenyewe ujanani, kwa patasi, miezi kumi na moja. Siku moja patasi ilimteleza. Kiwanda kilitoa bodi moja ya majaribio, kikauona mkwaruzo, kikausugua kwenye kalibu ukaisha ndipo kikaanza kutoa za kuuza. Miaka ya baadaye kalibu ikachongwa upya, madigadi zikatanuliwa, umbo la kwanza likapotea. Ilibaki bodi ile moja, ambayo Mwalimu aliitunza ndani ya boksi lake kwa miaka zaidi ya hamsini. Alikuwa amemwazima Kinue kwa wiki moja tu, anakili mteremko wa madigadi. Jumamosi ingewekwa mezani kwenye maonyesho ya wachonga kalibu wa zamani.

"Alhamisi darasani utanirudishia," alisema, akaifunga kwa kitambaa kama anayefunga mtoto.

Ilikuwaje? Kinue alijiuliza huku akijua jibu. Bodi yake, aliyokwisha kuisugua madigadi hadi ikafanana na ya Mwalimu, aliitia alama ya msalaba wa penseli ndani ya paa. Jana aliiosha kwa sabuni ya vyombo, kama walivyofundishwa, ili mafuta ya vidole yatoke na rangi ishike. Na kwa kuwa ya Mwalimu ilikuwa na vumbi, aliona aibu kuirudisha hivyo. Akaiosha nayo. Akazilaza zote mbili juu ya taulo moja, nyeupe kwa nyeupe, na penseli ikaenda na maji.

"Mbona umekaa kama umeona mzimu?" Mumewe, Tamotsu, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Nimekata isiyo yangu."

"Isiyo yako ipi?"

"Ya Mwalimu."

Tamotsu akaweka kikombe chini. Akazichukua bodi mbili, moja kila mkono, akazipima uzito kama anayenunua viazi. "Hizi? Ukiacha paa, mbona mapacha."

"Si mapacha."

"Sikiliza, mama. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na nane. Tia hiyo yako kwenye boksi lake, funga kitambaa, mpe kwa mikono miwili, inama, nyamaza. Mzee mwenyewe haoni hata namba ya basi."

"Atapapasa kwa kidole."

"Basi chora huo mkwaruzo! Kisu si unacho?"

Kilichomtisha Kinue si maneno ya mumewe, bali ni kwamba mkono wake ulikuwa umeshakisogelea kisu.

Tamotsu alipotoka, alijaribu. Aliitia bodi yake ndani ya boksi la Mwalimu, ili aone tu. Ikakaa sawasawa. Akafunga kitambaa. Fundo lake likawa zuri kuliko la Mwalimu mwenyewe, na hilo likamtisha zaidi.

Alikuwa hajaomba asubuhi hiyo. Kila siku, kabla ya kutia chochote mdomoni, aliweka wali wa moto mbele ya picha za marehemu wazazi wake, akapiga kengele ndogo mara moja na kukutanisha viganja. Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Alishukuru tu: kwa pumzi, kwa mume, na kwa miaka hii miwili, kwa darasa la jioni la kituo cha mtaa. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda cha chai, akachambua majani hadi nywele zikawa nyeupe. Katika darasa lile, akiwa na miaka sitini, ndipo mtu alipomwambia kwa mara ya kwanza: "Bi Terada, umeelewa." Mtu huyo alikuwa Katsumata. Usiku ule alilia kwenye maji ya kuoga ili Tamotsu asimsikie.

Sasa alipiga kengele, akafumba macho, na maneno yakatoka kabla hajayachagua. *Apate mafua. Kidogo tu. Asije leo.*

Akafumbua macho. Mama yake alikuwa akimtazama kutoka kwenye picha. Kinue alirudi nyuma kwa magoti mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mchana wote hakula. Alijaribu kupanga vyungu, akavunja kimoja. Kila gari lililopita kwenye maji ya barabarani lilimshtua. Saa kumi simu ikalia. Alikuwa Oguri, dereva wa teksi, mcheshi wa darasa, mtu asiyeweza kusalimia bila utani.

"Bi Terada. Leo sina mzaha."

Kinue akaibana simu sikioni. "Nini?"

"Mwalimu kaanguka. Ngazi za mlangoni kwake, mvua hii. Jirani ndiye amenipigia. Amepelekwa kutazamwa, mengine sijui. Darasa halijafutwa, lakini sidhani kama atakuja. Halo? Bi Terada? Upo?"

Alikuwa amekaa sakafuni. Simu ilimponyoka, sauti ya Oguri ikiendelea peke yake. Aliomba mafua kidogo, na mzee ameanguka. Alitambaa hadi mbele ya picha. Hakupiga kengele, aliona hastahili sauti ile.

"Nayarudisha," alinong'ona. "Yale ya asubuhi nayameza yote. Mimi ndiye niliyekata. Nikianguka, nianguke mimi. Yeye asimame, nami nitasema. Mbele ya wote nitasema."

Aliyasema tena na tena. Kisha akakifungua kitambaa, akaitoa bodi yake, akaiweka ile iliyokatwa, na paa lake kando. Safari hii fundo lilikataa kukaa. Alilifunga mara nne.

Saa moja kasoro alikuwa kituoni. Wenzake sita walikuwa wamekaa kila mtu na gari lake mbele yake, lakini hakuna aliyeshika msasa. Harufu ya gundi haikuwapo. Oguri alimsogezea kiti.

"Umelowa kama pweza," alisema kwa upole. "Mwavuli umeuuza?"

Hakucheka mtu. Saa ya ukutani ilipiga saa moja, ikapita dakika tano, ikapita kumi. Kinue alikuwa ameganda na boksi magotini. Ndipo mlango ukasogea, na Mwalimu Katsumata akaingia taratibu, suruali ikiwa na matope, kifundo cha mkono wa kulia kikiwa kimefungwa bendeji.

"Mnanitazama nini? Mimi si kaburi," alisema. "Kazi."

"Mwalimu, umevunjika?" aliuliza Oguri.

"Nimeteguka. Kaa chini."

Kinue alisimama. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yaliyokuja yalikuwa matatu tu. "Nimekata yako, Mwalimu."

Akafungua boksi mezani mbele yake.

Mzee alivaa lenzi yake ya jichoni, akaichukua bodi kwa mkono wa kushoto, akaigeuza kwenye taa. Akapitisha kidole mahali paa lilipokuwa, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akapapasa ndani, kando ya mlango, kidole kikasimama hapo. Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi na kusahau kuitoa.

"Msumeno gani?"

"Ule wa shaba. Wa meno madogo."

"Mkato umenyooka."

"Nisamehe, Mwalimu. Niliziosha zote mbili, alama ikafutika. Nilitaka kukudanganya. Asubuhi nilitia yangu kwenye boksi lako. Na niliomba..." Akainama. "Niliomba usije."

"Basi." Aliivua lenzi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usiseme samahani tena. Ya kwanza nimeisikia, sijajua pa kuiweka." Akaenda dirishani, akasimama akiitazama mvua iliyokuwa ikimiminika kwenye maegesho. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko Kinue alivyoyakumbuka. Aliporudi alisema bila kumtazama: "Jumamosi bodi itakwenda hivi hivi, na paa kando yake. Sitaificha. Lakini watu watauliza. Wenzangu wa kiwandani watauliza, na mimi siwezi. Mdomo utanicheza."

Kinue, ambaye hajawahi kuongea mbele ya watu hata kwenye harusi yake mwenyewe, alihisi jasho jembamba likimshuka mgongoni. Wote sita walikuwa wakimtazama. Aliushika ukingo wa meza.

"Nitasimama mimi," alisema. Ikatoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Ninyi nyote mnisikie. Jumamosi, mlango ukifunguliwa hadi ukifungwa, mimi Terada Kinue nitasimama kando ya bodi hii, na kila atakayeuliza nitamwambia kwamba mkono ulioikata ni huu."

Mzee alivuta kiti, akakaa, na bendeji yake ikaligusa lile paa dogo lililolala chali mezani. Likaanza kuyumba, huku na huku, polepole, na wote wakaliangalia, hakuna aliyenyoosha mkono kulituliza.