Ng'ombe wa Buchari ya Kiunga

Celina Nkirote alikuwa amechora vibao mjini Maua kwa miaka kumi na tisa: vya saluni, vya makanisa, vya maduka ya dawa za mifugo. Mji wa Meru ulipoandaa wiki ya sanaa, na jumba la makumbusho na kila ukumbi wenye ukuta mtupu ukafunguliwa, naye aliitwa. Alipewa kazi ya kuchora mishale ya kuelekeza wageni. Sanaa yenyewe waliachiwa watu wa Nairobi.

Siku ya ufunguzi alitumwa kwenye ghala la zamani la kahawa, lililopakwa chokaa likaanza kuitwa galari, akarekebishe mshale wa choo. Aliingia na mkebe wake wa rangi nyeusi. Ukutani, chini ya taa tatu, akamwona ng'ombe wake.

Alimjua papo hapo. Alikuwa amemchorea Kiunga, mwenye buchari kule Maua, kwenye kibao cha duka miaka minane iliyopita. Kando ya kibao palibandikwa karatasi: "Msanii hajulikani."

Gachoki, msimamizi wa maonyesho, alikuwa akiwahubiria wageni walioshika glasi za divai kwa vidole viwili, kana kwamba zinauma.

"Tazameni pembe hii iliyokatika," alisema. "Huu ni uanaume uliojeruhiwa na ukoloni. Na kicheko hiki ni kilio. Aliyechora hakujua anachofanya, na hapo ndipo ulipo uzuri wake."

Wageni wakaguna kwa uchungu. Mmoja akafuta jicho.

"Pembe ilikosa nafasi," Celina akasema. "Kiunga alitaka 'supu ya kichwa' iandikwe hapo juu. Na anacheka kwa sababu mteja akimwonea huruma, hanunui."

Gachoki alimtazama viatu kwanza, kisha mkebe. "Mama, choo ni kule nyuma."

"Hiki kibao nimekichora mimi. Ulipokichukua kwa Kiunga, ulimuuliza nani alikichora?"

"Mama, elewa. Msanii akijulikana, kazi inapoteza nguvu."

Celina alihisi uso ukimchoma. Akachovya brashi, akaandika chini ya kwato, kwa herufi zilizonyooka kuliko kitu chochote mle ndani: CELINA NKIROTE, MAUA. Akaongeza namba ya simu.

"Unaharibu kazi!" Gachoki akapiga kelele.

"Kazi ya nani?"

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Wakatoa simu, wakamzunguka, na Celina akawatazama kama mtu anavyotazama kuku waliomwagiwa mahindi. Akatoka.

Kesho yake Gachoki alimpigia, sauti imelainika kama samli. "Mama Celina, watu wamekupenda! Uwe ukija kila siku saa tisa, urudie. Sisi tutakuwa tukilifuta jina jioni."

"Mnalifuta ndiyo niliandike tena?"

"Hiyo ndiyo maana yake."

"Basi kaa na maana yako."

Siku tatu baadaye Kiunga alienda Meru kujionea, akampigia simu. "Wamemleta mwigizaji kutoka Embu. Amevaa aproni kama yako, anaandika jina lako, watu wanashangilia."

"Brashi anaishikaje?"

"Kama mwiko."

Celina alikuwa juu ya ngazi huko Mikinduri, akichora gunia la mahindi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Akasonya, akakata simu. Mwenye mashine alikuwa chini akilalamika kwamba mahindi yamezidi unjano, na huyo angalau alikuwa akiyatazama mahindi.