Figo ya Samaki

Kaka yangu Omosa alianza kufuga samaki wa bahari Migori, mji ambao mtu akitaka samaki anamla. Maji aliyatengeneza mwenyewe kwa chumvi ya mifuko, na matumbawe aliletewa yakiwa hai kutoka Mombasa. Mimi nilimcheka. Baba hakumcheka. Baba alikuwa akiishi kwake tangu figo zake zilipokufa, kwa sababu kutoka pale hadi hospitali ya kusafishiwa damu ni kutembea tu, ilhali kwetu Uriri mvua ikinyesha hata bodaboda haifiki. Kwangu Isebania asingeweza kukaa. Mimi nimeolewa, na mzee wa Kigusii halali kwa mkwewe hata awe mahututi.

Nyakerario, mke wa Omosa, alikuwa amemchoka Baba. Hakuwahi kumtukana, na hilo ndilo lililonichoma. Alimpa uji, akamfulia mashuka, kisha akamuuliza kwa sauti ya kanisani daktari alisema atarudi nyumbani lini. Alijua vizuri kwamba ugonjwa ule hauna kurudi nyumbani.

Kisha ikaja habari ya sampu. Samaki walikuwa wanakufa, na Austine, fundi wa vioo kutoka Homa Bay, akasema tangi linahitaji lenzake la chini, ndiyo hiyo sampu: maji yateremke humo, yapite kwenye vyumba vya kioo, yaache uchafu, halafu pampu iyarudishe juu. Baba alikaa kwenye stuli akimtazama akigandisha vioo kwa silikoni. Aliuliza maswali mpaka akaelewa.

"Kumbe hii ndiyo figo yao," akasema, na alifurahi kweli, maskini.

Nyakerario ndiye aliyechagua mahali. Sebule ni ya wageni, hakutaka mabomba yaonekane. Basi tangi likajengewa ndani ya ukuta: uso wake sebuleni, mgongo na mdomo wake chumbani kwao, na sampu chini yake karibu na kitanda. Sasa, kwetu baba hakanyagi chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, heshima ya kuoneana haya, na mzee akiivunja hana uso tena mbele ya mke wa mwanawe.

Kwenye bomba la kurudisha maji, Austine alikuwa ametoboa tundu dogo, juu kabisa. Stima ikipotea na pampu kusimama, tundu lingevuta hewa na maji ya tangi yangeacha kurudi chini kupitia bomba hilo. Lakini tundu lilikuwa likitoa sauti ya kufyonza, Nyakerario akalalamika kwamba halali, na Omosa, mjinga yule, akaliziba kwa silikoni.

Sabato moja walienda kanisani, wakazima simu. Stima ikapotea. Baba alikuwa sebuleni, akaona maji yanashuka kwenye kioo, matumbawe yanabaki hewani, samaki wanasongamana chini. Sampu ilikuwa imefurika, na maji ya chumvi yakaanza kutoka chini ya mlango wa chumba. Alipiga simu mpaka akachoka. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale mlangoni muda mrefu akimwita Omosa, ingawa alijua hakuna mtu ndani.

Mwishowe akaingia. Alivuta bomba likatoka majini, na maji yakaacha kushuka. Halafu akachota ya kwenye sampu kwa jagi, akayamimina juu kidogo kidogo ili samaki wapate hewa, kwa mkono uleule wa kusafishiwa damu, ambao manesi walimkataza kubebea kitu. Alipoishiwa nguvu akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Hapo ndipo walipomkuta. Samaki wote walikuwa hai.

Nyakerario hakupiga kelele. Alimtazama mzee, akatazama suruali yake iliyolowa, akamgeukia mumewe.

"Baba yako amekaa kwa kitanda yetu," akasema. "Mimi na yeye hatuwezi lala kwa hii nyumba tena. Chagua."

Mwanamke ambaye siku zote alizicheka mila za wazee, siku hiyo alizijua zote kwa kichwa.

Baba alingoja mwanawe aseme neno. Omosa alikuwa ameinama juu ya tangi, akikagua matumbawe yake moja baada ya jingine.

"Tata, wewe ndiye ulitufundisha chinsoni," akasema bila kugeuka. "Ungeacha tu wakufe."

Kesho yake Baba alirudi Uriri na mfuko wake. Nililia, nikagombana na Omosa kwenye simu, nikamtafutia Baba mtu wa pikipiki wa kumpeleka hospitali. Mvua za masika zikaharibu barabara. Alikosa kusafishiwa damu mara moja, akakosa tena, akavimba miguu, kisha uso. Siku ya mazishi Omosa aliondoka kabla kaburi halijafukiwa, kwa sababu Nyakerario alipigiwa simu kwamba stima imepotea Migori.

Baadaye nilienda kwa Omosa kuchukua nguo za Baba. Nilizikuta barazani ndani ya gunia. Chumba chake kilikuwa kimejengewa sampu mpya, kubwa kuliko ya kwanza, na pembeni, pale kilipokuwa kitanda cha Baba, kulikuwa na jenereta, ili figo ya samaki isisimame hata kidogo.