Watu Elfu Moja Mia Tatu na Kumi na Wawili

Namba ndiyo iliyomkosesha mama raha. Wala hakuitafuta, ilijileta yenyewe. Miezi miwili baada ya mazishi aliiwasha simu ya marehemu mumewe, iliyokuwa imezimwa tangu msiba, akitaka kutoa picha za mjukuu zilizokuwa humo, kidole kikateleza, likafunguka lile jukwaa la mtandaoni la mafundi cherehani ambalo marehemu hakukosa kulitembelea hata siku moja. Ilikuwapo picha yake, mzee wa miwani mizito, na jina alilojulikana nalo huko, Fundi Miwani. Chini ya jina paliandikwa: Anafuata watu 1,312. Basi. Watu wenyewe ni akina nani, jukwaa halikusema.

Kwenye jukwaa lile ukimfuata mtu, kila anapoandika neno simu yako inalia. Mama alilijua hilo vizuri kwa sababu kwa miaka kumi na nne simu ile ililia mezani kwake, kati ya sahani yake na ya mumewe. Aliiita mke mwenza. Mwanzoni alikuwa anatania. Mzee angekuwa katikati ya tonge, simu ilie, aitazame, atabasamu peke yake. Ukimuuliza kulikoni, anajibu, "Mtu kashona," kisha anaendelea kula. Sasa mwanamume mzima anachekea nini mtu kushona? Na mama alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, hakuwa mtu wa kudanganywa na namba. Mji mzima haukuwa na mafundi cherehani hata thelathini.

Tangu siku ile hakulitaja tena jina la mumewe. Alimwita yule. Chumba cha kazi cha nje akakifunga kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye kopo la sukari.

Jumamosi asubuhi akamwita bintiye.

"Yule alikuwa na watu wake," alisema hata kabla binti hajavua viatu. "Nataka kuwajua, mmoja mmoja. Kompyuta si ndiyo kazi yako?"

Binti alikuwa anatengeneza programu za kuhesabia mali ghalani kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Baba yake alimwita Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini cha cherehani, tangu alipokuwa anatambaa, kwa kuwa alikuwa mviringo na kila mara alikutwa uvunguni mwa meza. Alimpenda baba yake mno, na kwa sababu hiyohiyo aliogopa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, akiyapata majina hayo na yakawa hivyo mama anavyodhani?

"Mama, marehemu tumwache apumzike."

"Yeye apumzike, mimi je?"

Ufunguo ukatolewa kwenye kopo.

Chumba kilinuka mafuta ya mashine. Cherehani tatu zilikuwa mezani, moja imefunguliwa tumbo, skrubu zake zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa kwa namna ambayo mwenyewe tu angeielewa. Neno la siri la jukwaa mzee alilibandika kwa utepe chini ya meza, maana hakuamini kichwa chake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Bobini akapiga magoti palepale alipozoea kukutwa utotoni, akalisoma.

Akafungua kompyuta yake, akaanza kazi, mama ameketi nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Jukwaa lilikuwa kuukuu, halikuwa na kitufe cha kuonyesha orodha, lakini orodha yenyewe ilikuwamo ndani. Ukiliomba kwa njia yake, lilikupa watu ishirini kwa kila ukurasa, wa karibuni kwanza. Hakuna mtu wa kukaa akiomba kurasa zote hizo kwa mkono. Bobini akaandika programu ndogo ya kuomba kwa niaba yake: leta ukurasa, andika majina na tarehe, pumzika kidogo usiuchoshe mtambo wa watu, omba unaofuata. Na kwa kila jina akaongeza swali moja la ziada: huyu naye anafuatwa na wangapi?

Majina yakaanza kushuka.

"Mama Vifungo," mama alisoma. "Pindo la Dhahabu. Mrembo wa Mkasi." Akashika kidevu. "Umeona? Nilisema mimi."

"Kuna Babu Kiraka pia, mama."

"Huyo amewekwa kuficha."

Bobini hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye safu ya mwisho, ile ya wanaofuatwa na wangapi. Mama Vifungo, mmoja. Pindo la Dhahabu, mmoja. Babu Kiraka, mmoja. Ukurasa baada ya ukurasa, moja, moja, moja, hapa na pale mbili. Alidhani programu yake ina kasoro. Akafungua ukurasa wa Mama Vifungo kwa mkono ahakikishe, na kweli, katika jukwaa lote lenye maelfu ya watu, mama huyu alifuatwa na mtu mmoja tu. Fundi Miwani.

Akasoma alichoandika. Miezi sita iliyopita Mama Vifungo alinunua cherehani ya mtumba, ikawa inakata uzi. Aliuliza, siku tatu hakujibiwa. Mafundi wakubwa wa jukwaa walikuwa wanabishana juu ya mashine za kiwandani. Siku ya nne Fundi Miwani akaanza kumfuata, akamuuliza uzi anaupitisha wapi kwanza. Wakaenda hatua kwa hatua, majuma mawili, mama yule anapotea, anarudi, anaomba radhi kwamba mtoto alikuwa mgonjwa. Mwishoni kabisa aliandika neno moja: Imeshona.

Binti akafungua wa pili. Halafu wa kumi. Halafu akachagua ovyo, wa mia tano na ngapi sijui. Kila mmoja aliuliza akakosa wa kumjibu, na kila mmoja alipata mfuasi mmoja. Mazungumzo yao yaliishia mahali pamoja, imeshona, imeshona fundi, imeshona Mungu akubariki, na hata baada ya hapo mzee hakuacha kuwafuata, wasije wakakwama tena. Bobini alipigwa na butwaa. Miaka yote aliishi na mtu huyu, akala naye, akamcheka kwa kusahau miwani aliyoivaa, na hakujua kwamba nyuma ya kimya chake palikuwa na umati. Alitaka kusimama, kwa heshima tu, na hakujua asimame kwa ajili ya nani.

"Mtu kashona," mama alisema polepole, kama mwanafunzi aliyepata jibu baada ya kengele kulia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Lakini mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu. Programu ilipomaliza, alisogeza uso karibu na kioo. "Hapa imeandika elfu moja mia mbili tisini na wawili. Simu ilisema elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Ishirini wako wapi?"

Binti akatazama. Kweli, ishirini hawakuwapo.

"Hao ndio aliowaficha," mama alisema, na sauti ilianza kurudia ubaridi wake.

Bobini akaipitia programu yake mstari kwa mstari, hadi alipofika pale juu kabisa, akajipiga kofi la paji. Aliiambia ianze na ukurasa wa kwanza. Jukwaa lile kurasa zake zinaanza na sifuri. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na yeye analipwa mshahara kwa kazi hii.

"Nimeruka ukurasa mmoja, mama. Wao wanahesabu kuanzia sifuri."

"Miaka thelathini nimefundisha watoto kuanza na moja," mama alisema. "Walete."

Akawaleta. Ishirini wa mwisho, na juu yao wote mmoja aliyeanza kufuatwa siku ileile mzee alipoanguka asiamke tena. Jina lake Mgeni wa Sindano. Mashine yake ilikuwa inaruka mishono, na alikuwa na sare za shule za kumaliza. Fundi Miwani alimwandikia: Nitumie picha ya sindano ilivyokaa, tutazame. Picha ilitumwa saa moja baadaye. Chini yake, kila Jumamosi, Mgeni aliandika upya. Fundi, nimetuma. Fundi, bado nasubiri. Ya asubuhi ile ilisema: Fundi, upo?

Hakuna mwingine aliyekuwa amemjibu.

Mama aliomba kompyuta isogezwe. Akaitazama picha, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Alikuwa ameishi na fundi miaka thelathini na mmoja, na mengi aliyasikia bila kutaka.

"Sindano ina upande mmoja bapa," alisema. "Wake umeangalia mbele. Kwa mashine kama hiyo uangalie nyuma. Baba yako alikuwa anasema hilo kila siku ya Mungu. Andika."

Binti akasikia baba yako, akajifanya hakusikia. "Niandike kwamba ni wewe? Hajui kuwa baba..."

"Anza na sindano, asije akaharibu vitambaa vya watu. Habari ya mume wangu tutamwambia ikishashona."

Bobini akaandika, akatuma, kisha akaenda jikoni kuinjika chai. Alipokuwa anasuuza vikombe aliisikia simu ya baba yake ikilia chumbani, mara moja. Akarudi na vikombe viwili. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, simu mkononi, anatabasamu peke yake.

"Kulikoni, mama?"

"Mtu kashona," mama alisema, akapokea chai yake.