Miezi Minane ya Verlene

Royce Stokely alimwambia mkewe kwamba anataka talaka asubuhi moja ya Machi, Verlene akiwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma anavaa soksi. Kwake hiyo ilikuwa kazi nzito. Ugonjwa wa neva ulimwingia miaka sita iliyopita ukamwachia ganzi mguu wa kushoto. Royce alingoja amalize, ndipo akasema. Kuna mwanamke huko Kolorado, jina lake Carleen. Mwezi wa sita yeye Royce anastaafu jeshi na anahamia kwa huyo mwanamke. Kazi huko ameshapata.

Mizinga ya mazoezi ilikuwa ikilia kambini na vioo vya madirisha vikitetemeka, kama ilivyo kila siku mjini Lawton, mji wa jeshi katika jimbo la Oklahoma.

"Tangu lini?" Verlene aliuliza.

"Mwaka jana."

"Kwa hiyo mwaka mzima unanishika mkono kunipeleka kwa daktari, na moyo uko Kolorado."

Royce, sajini aliyezoea kufokea vijana mia uwanjani, alitazama buti zake.

Verlene alilia siku mbili. Siku ya tatu alinawa uso akaenda kwenye ofisi ya bima pale kambini, kwa sababu hofu nyingine ilikuwa imeanza kumtafuna. Mara mbili kwa mwaka alitundikiwa dripu ya dawa iliyomfanya aendelee kutembea. Dawa ile ililipiwa na bima ya jeshi, naye alikuwa na bima ile kwa kuwa tu ni mke wa Royce.

Dirishani alimkuta Bi Odetta, mjane wa askari wa mizinga, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kuita kuku.

"Mmeoana lini?"

"Tarehe tisa Novemba. Mwaka huu tunatimiza ishirini."

"Na yeye jeshini ana miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Bi Odetta alisukuma kando kijitabu cha maelezo. "Hiki achana nacho, hata aliyekiandika hakielewi. Nisikilize mimi, mwanangu. Wanataka ishirini mara tatu. Ndoa iwe na miaka ishirini. Utumishi wake uwe miaka ishirini. Na hiyo miaka ishirini ya ndoa, yote awe ndani ya magwanda. Ukizipata zote tatu, anaweza kukuacha na bima ikabaki yako, ili mradi usiolewe tena."

"Na akiniacha sasa?"

"Huna kitu. Watakuuzia bima ya muda, miaka mitatu, kwa pesa yako mwenyewe."

"Je, akistaafu Juni, halafu talaka tukaingoja mpaka Novemba?"

"Hapo ndipo wengi wanapoumia. Ndoa itakuwa imetimia, lakini miezi ya mwisho hakuwa jeshini. Watakupa mwaka mmoja tu, basi. Lazima asikuache na asistaafu, vyote viwili, mpaka Novemba ipite."

Verlene alihesabu kwa vidole. Miezi minane. "Yaani nikamwombe mtu anayenikimbia asikimbie kwanza?"

"Mwambie akimbie polepole," alisema Bi Odetta, kisha akamsogezea boksi la tishu.

Alimwomba jioni ile ile, Royce akiosha gari uani. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata maneno makali alikuwa ameyapanga. Royce alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga bomba, akaingia ndani kupiga simu. Kupitia ukutani Verlene alisikia sauti yake ikibembeleza, ikinyamaza, ikibembeleza tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nitaiondoa barua ya kustaafu. Nitakaa mpaka Novemba."

"Na ile kazi?"

"Watampa mtu mwingine."

"Na yeye?"

"Analia, Vell. Wote tunalia. Unataka nikuambie nini?"

Royce alihamia chumba cha binti yao, Josie, aliyekuwa chuoni. Wiki za kwanza walipishana jikoni kama wapangaji. Halafu joto la kiangazi likaja, na joto lilimnyong'onyeza Verlene mpaka kijiko kilimponyoka mkononi. Royce alifunga chuma cha kushikilia bafuni. Alichukua kazi ya kufua. Jumapili alipika maharage na mkate wa mahindi, akauunguza, wakaula hivyo hivyo wakicheka hadi Verlene akapaliwa. Julai Verlene alianza tena kupaka rangi ya mdomo. Agosti alimpigia Josie simu.

"Baba yako amebadilika. Jana ameniletea pichi, amezimenya mwenyewe."

"Mama, usijitie moyo bure," Josie alisema. "Nakuomba."

Lakini moyo ulikuwa umeshajitia wenyewe.

Septemba Royce alimpeleka Jiji la Oklahoma kutundikiwa dripu. Kwa muda wa saa tano alikaa pembeni yake, akimfunika blanketi kila lilipoteleza. Dawa ilikuwa karibu kwisha Verlene alipoukamata mkono wake.

"Royce. Tukisahau Novemba, je? Tukiiacha ipite kama miezi mingine?"

Hakuuvuta mkono. Afadhali angeuvuta.

"Nimekaa kwa ajili ya dawa hii, Vell. Nisingeweza kulala nikijua umelala kitandani hujiwezi kwa sababu yangu. Lakini ni hilo tu. Usinipe sifa nisiyostahili."

"Na zile pichi?"

"Unazipenda pichi," alisema.

Kesho yake Verlene alikwenda kwa Bi Odetta akasema yamemfika hapa, anataka kutia saini talaka leo hii, hataki huruma ya mtu. Bi Odetta alifunga dirisha, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaketi naye kwenye benchi.

"Una haki ya kukasirika. Kasirika mpaka Krismasi ukitaka. Lakini wiki saba hizi usimwachie. Wewe ndiye uliyehama naye kambi sita. Wewe ndiye uliyejifungua peke yako yeye akiwa vitani. Hii bima si huruma ya Royce. Umeitumikia."

Akavumilia. Ule mdomo hakuupaka rangi tena.

Novemba tisa Royce aliingia kutoka kazini, akavua kofia, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Leo ndiyo leo," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka ishirini." Royce aliiweka kofia mezani. Verlene aliendelea kukata vitunguu, na siku hiyo vitunguu vilimfaa sana.

Waliongeza wiki mbili, kwa amri ya Bi Odetta, asije karani yeyote akabishana juu ya siku. Kisha wakatia saini. Desemba jaji aliivunja ndoa yao kwa dakika nne. Januari Royce alistaafu, na siku ya pili akapakia gari lake. Aliwasha injini, kisha akaizima, na Verlene ndani akakamata pazia. Royce alishuka, akakaza kamba ya mizigo, akapanda tena, akaenda.

Kwenye ofisi ya vitambulisho kijana mmoja alimuuliza Verlene, bila ubaya wowote, ana uhusiano gani na mwanajeshi.

"Nilikuwa mkewe."

Akapewa kadi ya bima yenye namba yake mwenyewe, si ya Royce tena.

Machi ilipofika, Bi Odetta alimpeleka kwenye dripu. Bima ilikubali bila swali lolote. Wakati wa kurudi Bi Odetta alisimulia habari za nyanya zake za bustanini, na walipopita mji wa Chickasha Verlene alianza kulia, akalia maili baada ya maili, akiwa na miguu inayomsikia na nyumba isiyo na mtu. Bi Odetta hakumnyamazisha. Alimpa leso kwa mkono mmoja na kuendelea na nyanya.