Wanaongojea Ambulansi

Jumatatu asubuhi Papa Isidore, fundi mstaafu wa reli, alifagia nyuma ya nyumba yake huko Kataki, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akatandika turubai. Moteri ya ambulansi iliyoegeshwa hapo ilikwisha kutolewa, ikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya jiko la nje. Garaji ya serikali haikuwa na paa tangu mvua za mwaka jana, ndiyo maana kazi ililetwa nyumbani.

Kuijenga moteri upya, alizoea kusema, ni siku mbili za kazi na juma zima la kujitayarisha. Alipanga makopo ya nyanya, akaandika kwa chaki juu ya kila moja jina la vipande vya kutiwa humo: buloni za kichwa, valvu, segma za pistoni. Kila mpira wa maji au mafuta aliotaka kuuchomoa, aliupiga picha kwanza kwa simu.

Mkewe, Mama Virginie, alikuwa akianika ndakala, samaki wadogo wa ziwani. Saa tatu Denise akaingia uani. Denise alikuwa mdogo wake Virginie, na alikufa Bendera miaka miwili nyuma, mtoto akiwa bado tumboni. Alivaa kitenge kilekile walichomzikia, mkononi ana karatasi yake ya kuhamishiwa hospitali ya mjini.

"Yaya," alimwambia dada yake mkubwa, "tulisikia wanatengeneza ambulansi. Njo hapa wanaitengenezea?"

"Njo hapa. Ikala kwenye benchi. Umekula?"

"Chai itatosha."

Virginie alimtazama tumbo, akageuka haraka kuchochea moto.

Kufikia saa sita walikuwa watano kwenye benchi, kila mmoja na karatasi yake. Ulitokea ugomvi mdogo juu ya zamu. Papa Djo, aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha umeme, alisema yeye alikufa baada ya Denise lakini aliita ambulansi kabla yake. Isidore aliamua kwamba tarehe ya kuita ndiyo inayohesabiwa. Denise akasogea, akampisha.

Hawakukaa bure. Waliosha buloni na nati kwa mafuta, wakakwangua masizi kwenye pistoni, na hakuna kopo lililochanganywa. Jumatano Isidore alifungua chujio la hewa. Saruji ilimwagika, ikaendelea kumwagika mpaka ndoo ikajaa.

"Ile ni ya jengo la Shefu Théophile," alisema Papa Djo. Théophile alikuwa mkubwa wa magari yote ya wagonjwa. "Siku waliniambia ambulansi imekufa, ilipita mbele ya mulango wangu na mifuko yake ya saruji. Nikaipungia mukono. Shofa kwenye usukani naye akanipungia."

Isidore aliweka chini ufunguo wa buloni. Alikuwa ameifanyia moteri ile matengenezo mara tatu, na kila mara alilaumu vumbi la barabara.

"Nitaiacha hivi hivi," alisema. "Ioze."

"Shemeji, tengeneza tu," Denise alimjibu. "Ikikaa hapa, haitabeba muntu hata mumoja."

Alhamisi Shefu Théophile alikuja kukagua. Virginie alimwekea ile ndoo ya saruji miguuni.

"Papa Shefu, hii ilitoka ndani ya moteri."

Théophile aliinama, akaisugua saruji kwa vidole, akashukuru kwa moyo. Ilibaki veranda tu ya jengo lake, alisema, na akamtuma shofa wake aipakie ndoo. Kisha akasalimia benchi zima, mmoja mmoja, akasoma karatasi zao.

"Hizi ni fomu za zamani. Zilibadilishwa mwezi wa kwanza."

"Mimi nilikufa mbele ya mwezi wa kwanza, Papa," alisema Denise.

"Ninaelewa, Mama. Pole sana. Lakini kanuni ni kanuni."

Vipuri vilifika kwa boti kutoka Kigoma. Isidore alipima, akafunga, akakaza, akairudisha moteri ndani ya ambulansi, na asubuhi ya Jumanne iliyofuata iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma laini kama mashine ya kushona. Watano wale walisimama, wakanyoosha nguo zao.

"Kwanza lazima ijaribiwe na muzigo," alisema Théophile, aliyekuja kuichukua. Lori dogo lilikuwa limekwisha kusimama barabarani, na mifuko ya saruji ilianza kuhamishiwa ndani ya ambulansi.

"Jaribuni na hawa," alisema Isidore. Akawaonyesha wale watano. "Wamengoja."

Théophile aliwatazama kwa huruma, kama mtu anayependa kusaidia lakini hesabu inamkatalia.

"Hawa hawana uzito, Papa Isidore."

Hilo halikuweza kupingwa. Ambulansi iliondoka na saruji kuelekea barabara ya Bendera, na kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri, ilipanda mlima bila kukohoa. Isidore alijiona anajivuna, akaona haya, akaanza kukunja turubai. Wale wa benchi wakakaa tena.

Alasiri aliingia mwanamke kijana, kitambaa chake cha kichwa kimejaa vumbi la njia. Jina lake Christiane, alisema, wa Lubuye. Aliuliza nani wa mwisho kwenye mstari. Denise alimwonyesha, akamwuliza:

"Wewe ni wa lini?"

"Wa leo, saa nne. Waliniweka nyuma ya pikipiki. Kwenye simu walisema ambulansi ni nzima kabisa, lakini iko kwenye majaribio."

Virginie akaongeza maji kwenye birika.